Sura ya Sita: Tageti ya Mdosi

Ukitaka kujua dereva wa matatu analipwaje, usimuulize yeye. Nenda Kariobangi Light Industries, ukae kwenye benchi ya gereji moja asubuhi nzima, utazame vinavyofunguliwa. Klachi imeungua ingawa ilibadilishwa juzijuzi. Breki pedi zimelika hadi chuma. Springi ya nyuma imekatika, na fundi anajua ilikatikia wapi bila kuuliza: gari liliacha barabara kuu kukwepa foleni, likakata kwenye njia za panya zenye mashimo, likiwa limejaza watu kupita kiasi. Spana boi ameingia chini ya gari. Mwenye gari amesimama kando, simu sikioni, anabishania bei ya spea. Mlipaji ni yeye. Dereva aliyeliumiza gari hilo yuko kwenye gari la mwingine mchana huohuo, kama skwadi, yaani dereva wa kushikilia, na haoni kwamba amekosea. Kwa hesabu alizowekewa, kweli hajakosea.

Vitabu vya biashara hupenda kuuliza kama mfanyakazi akiongezwa mshahara, mteja atahudumiwa vizuri zaidi. Kwa Kariobangi, Dandora, Umoja na mitaa mingine ya Eastlands jijini Nairobi, ambako watu husafiri kila siku kwa huduma wanayoilalamikia kila siku, kuna swali la kutangulia: mfanyakazi huyu analipwa kwa kufanya nini hasa? Kiasi kinafuata baadaye.

Mwenye matatu, yaani mdosi, kwa kawaida hampi dereva wake mshahara. Humkabidhi gari alfajiri na kumtajia tageti, kiasi ambacho lazima kifike mkononi mwake usiku, mvua inyeshe au jua liwake. Mafuta ni juu ya dereva. Kinachobaki baada ya tageti na mafuta ni chake na cha kondakta wake, yaani makanga. Katika kinachobaki hicho hutoka pia pesa za stejini, za kamagera anayeita abiria, za karao, yaani polisi, anayesimamisha gari pale pale kila siku, na za skwadi anayeshika usukani dereva anapokwenda kula. Siku gari likiharibika saa nne asubuhi, dereva na makanga wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane. Tuseme tageti ni shilingi 4,000, mafuta 3,500, na vijipesa vya njiani 1,000. Dereva lazima akusanye 8,500 kabla hajapata hata ya chai. Gari la viti 14 lenye nauli ya shilingi 50 huingiza 700 likijaa, na mchana, watu wakiwa kazini, halijai. Kwa hiyo hadi saa tisa au saa kumi anamfanyia kazi mdosi, kituo cha petroli na polisi. Anaanza kujifanyia kazi watu wanapotoka ofisini na viwandani, na muda wake wa kujitafutia ni wa urefu wa saa tatu hivi.

Sasa ndipo abiria anapokutana naye. Ule mwendo wa kuparamia kingo za barabara, ule ubishi wa chenji, ile nauli inayopanda tone la kwanza la mvua likianguka, lile tangazo la ghafla kwamba gari linaishia hapa na abiria wanauzwa kwa matatu nyingine ili hili ligeuze haraka kufuata foleni ya watu mjini: yote hayo yanafanyika katika hizo saa tatu. Tumezoea kuyaita utovu wa adabu. Wapo watovu wa adabu, sikatai. Lakini chukua mtu mpole kuliko wote kanisani kwenu, mpe gari lenye tageti ya 4,000, umwone baada ya mwezi mmoja.

Dar es Salaam mpango ni huohuo, ila wao huiita hesabu. Matteo Rizzo, mtafiti aliyewafuatilia wafanyakazi wa daladala kwa miaka mingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, aliwakuta wakifanya kazi kwa wastani wa saa 15 kwa siku, karibu siku zote za wiki. Madereva na makondakta wa jiji hilo walifikia kuunda chama chao, UWAMADAR, na dai lao kubwa halikuwa hesabu ipunguzwe tu. Walitaka mikataba ya ajira.

Linganisha na kinyozi. Kariobangi South na North zote zimejaa vinyozi, na vingi vinaendeshwa kwa asilimia: mwenye duka huweka mashine, viti na kodi, naye mnyoaji huchukua sehemu ya kila kichwa, mara nyingi karibu nusu. Huyu naye hana mshahara. Mapato yake nayo hupanda na kushuka. Lakini hebu mwone anavyomshika mteja. Anakumbuka mtoto wako yuko darasa la ngapi. Anakukanda mabega, anakuosha kichwa kwa maji ya moto, na akikosea laini ya ndevu anaona haya. Akihama kwenda duka la mtaa wa pili, nusu ya wateja humfuata, na mwenye duka aliyekuwa akimpunja hubaki na viti na kioo.

Wote wawili hulipwa kwa walichoingiza, na wote wawili hawana uhakika wa kesho. Tofauti iko kwenye mteja anayerudi. Mnyoaji hupata pesa ya wiki ijayo kwa kukuridhisha wiki hii. Dereva wa matatu hatakuona tena, au akikuona hutakuwa na la kuchagua, kwa sababu gari lililo mbele kwenye foleni ya stejini ndilo utakalopanda. Kinachomlipa ni idadi ya mizunguko. Ukimwongezea dereva huyo kipato bila kubadilisha hicho, kwa mfano kwa kumpunguzia tageti shilingi 500, atakushukuru na ataendelea kukimbia, maana kila mzunguko wa ziada bado ni wake.

Nairobi iliwahi kuwa na mpango mwingine. Kenya Bus Service (KBS) ilianza mwaka 1934, na kwa miongo mingi dereva na kondakta wake walikuwa watu wa mshahara wa mwezi, sare na tikiti, na mkaguzi aliingia njiani kuangalia kama tikiti zinalingana na vichwa. Sitaki kuipaka rangi nzuri kuliko ilivyokuwa. Mabasi hayakutosha, foleni zilikuwa ndefu, na mitaa mipya ya mashariki ilikua kwa kasi kuliko ratiba za kampuni. Ndiyo sababu Mzee Kenyatta aliporuhusu matatu zifanye kazi bila leseni ya uchukuzi mwaka 1973, wananchi walishangilia. Kampuni ya Stagecoach ya Uingereza ilinunua sehemu kubwa ya KBS mwaka 1991 na kuiuza mwaka 1998, baada ya kuona haiwezi kushindana barabarani na magari yasiyolipa mishahara.

Serikali ilijaribu kuurudisha mshahara kwa nguvu ya sheria. Kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004 zinakumbukwa kwa mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano na sare. Wachache wanakumbuka kwamba zilitaka pia madereva na makondakta waajiriwe kwa kudumu. Mikanda ilifungwa, mistari ikapakwa. Kipengele cha ajira kilikufa kimyakimya. Mwaka 2014 Mamlaka ya Usafiri na Usalama ilikifufua katika kanuni zake za magari ya abiria: mkataba wa maandishi, malipo yanayofuata sheria za kazi. Sacco, yaani vyama vya ushirika vya wenye matatu, zikachapisha fomu. Tageti iliendelea.

Mkanda unaonekana na askari akiwa amesimama barabarani. Mshahara hauonekani. Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni hofu ya mdosi, ambayo si ya kijinga. Matatu ni duka linalotembea na mwenyewe hayumo ndani. Ukimpa makanga mshahara wa mwezi na nauli zote zinapitia mfukoni mwake kwa noti na sarafu, nani atakwambia gari lilibeba watu mia mbili au mia tatu? Tageti humwondolea mdosi kazi ya kujua. Analala, na usiku simu yake inalia na ujumbe wa M-Pesa.

Majaribio ya kuondoa pesa taslimu yalikwama papo hapo. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta kadi ya BebaPay, na mwaka uliofuata serikali ikatangaza nauli zote zilipwe kwa kadi. Wahudumu waligoma kuzipokea. Watu wengi waliwaita wezi. Lakini fikiria: skwadi, kamagera na karao wote hulipwa kutoka kwenye zile noti zinazokunjwa kati ya vidole. Kadi ingepeleka pesa yote kwa mdosi, na hakuna aliyewaeleza wahudumu mshahara wao utatoka wapi. Waliombwa waachie kipato kabla hawajapewa kingine. BebaPay ilifungwa mwaka 2015.

Ushahidi bora nilioukuta kuhusu jambo hili unatoka Nairobi yenyewe. Wachumi Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer waliweka vifaa vya kufuatilia mwendo kwenye matatu 255 za jijini, kisha wakawapa baadhi ya wenye magari programu ya simu ya kuona gari liko wapi na linaendeshwaje. Wenye magari waliopata habari hizo walibadilisha masharti yao na madereva. Magari hayakuumizwa kama zamani, gharama za matengenezo zikapungua, na faida ya mwenye gari ikapanda kwa karibu asilimia 13. Yaani zile springi zinazokatika kwenye njia za panya zilikuwa zinamgharimu mdosi zaidi ya alivyokuwa akidhani.

Matokeo ya pili ni machungu. Usalama wa abiria haukuboreka. Mdosi alipopata uwezo wa kuona, aliutumia kulinda gari. Hakuna aliyemlipa kumlinda aliyekaa ndani yake. Ndiyo maana siwaamini wanaosema kwamba teknolojia pekee, au faida pekee, itamfikia mteja yenyewe.

Abiria mwenyewe, kumbe, anaweza kufanya zaidi ya kifaa. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika stika ndani ya matatu zikiwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Madai ya bima ya magari yenye stika yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili. Kwa dakika chache abiria alikuwa amegeuka msimamizi. Lakini kelele za abiria zinashindana na mfuko wa dereva kila siku, na abiria huchoka.

Hapa wapo watakaomtaja Henry Ford, basi tumtaje tumalizane naye. Tarehe 5 Januari 1914 alitangaza kwamba kiwanda chake cha Detroit kitalipa dola 5 kwa siku ya saa 8, wakati malipo ya kawaida yalikuwa dola 2 na senti 34 kwa saa 9. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba alitaka wafanyakazi waweze kununua magari yake. Sababu iliyo kwenye vitabu vya kiwanda ni nyingine: mwaka 1913 alilazimika kuajiri watu zaidi ya 50,000 ili kuweka kazini watu kama 14,000, kwa kuwa kazi ya mstari wa kuunganisha magari iliwachosha wakaondoka. Kila aliyeondoka alichukua mafunzo yake na kuacha mgeni anayeharibu vyuma. Baada ya dola 5 watu walitulia. Tena nusu ya fedha hizo ilikuwa ziada yenye masharti, na wapelelezi wa Ford waliingia majumbani kuangalia kama mfanyakazi anakunywa pombe. Mshahara mkubwa ulikuja na jicho kubwa.

Kenya tulipitia somo hilohilo bila Ford. Wakoloni walimlipa Mwafrika wa mjini mshahara wa kapera: wa kumlisha mtu mmoja, mke na watoto wakiwa shambani wanajilisha. Mitaa ya zamani ya Eastlands kama Shauri Moyo na Ziwani ilijengwa kwa kuhesabu vitanda vya wanaume. Matokeo yake ni kwamba hakuna aliyekaa kazini. Mtu alifanya miezi kadhaa, akarudi kupalilia, akaja mwingine asiyejua kitu. Mombasa ilisimama kabisa kwa mgomo mkuu wa Januari 1947, na bandari ya Kilindini, iliyotegemea makuli wa kutwa, ilijikuta haina watu kazini. Mwaka 1954 kamati ya F. W. Carpenter, kamishna wa kazi, ilikiri kwamba mshahara wa kapera unazaa kazi mbovu, ikapendekeza mshahara wa kutunza familia. Mwaka uliofuata makuli waligoma tena, na Tom Mboya akawapatia nyongeza ya asilimia 33. Waajiri hawakutoa kwa huruma. Meli iliyosubiri gatini ilikuwa ghali kuliko kuli.

Hilo ndilo ninalolitafuta kila ninapoangalia biashara inayolipa kidogo: je, kuna meli gatini? Kuna gharama ya uzembe inayomwangukia mwenye biashara waziwazi? Bandarini ilikuwepo. Kwa matatu imegawanywa vipandevipande: kidogo kwa mdosi huko gereji, kidogo kwa bima, na sehemu kubwa kwa abiria anayechelewa, anayetukanwa au anayelazwa hospitali. Asiyelipa gharama hana haraka ya kuipunguza.

Zeynep Ton, mwalimu wa biashara wa MIT, katika kitabu chake cha mwaka 2014 The Good Jobs Strategy, aliangalia maduka makubwa yanayolipa vizuri na bado yana bei nafuu, kama Costco ya Marekani na Mercadona ya Hispania. Aligundua kwamba mshahara haukufanya kazi peke yake. Maduka hayo yalipanga kazi upya: bidhaa chache zaidi, wafanyakazi waliofunzwa kazi zaidi ya moja, na watu wa kutosha zamu kiasi kwamba mtu ana nafasi ya kumsikiliza mteja. Kulipa vizuri ndani ya mpango mbovu ni kununua hasira kwa bei ghali.

Kwa kipimo cha sheria, kima cha chini cha kibarua wa kawaida jijini Nairobi kiliwekwa Novemba 2024 kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Ukiwaza nauli na chakula cha Kariobangi, hicho si kiasi cha kumtuliza mtu. Walinzi wa usiku ni mashahidi: wengi wana kibarua kingine mchana, na mteja hununua usingizi wao. Mwezi Novemba 2023 mamlaka inayosimamia ulinzi wa kibinafsi iliagiza mlinzi wa Nairobi alipwe shilingi 30,000. Kampuni nyingi zililia kwamba wateja watakimbia. Hakuna hata moja niliyoisikia ikihesabu hadharani inapoteza nini kwa mlinzi anayesinzia.

Tusipoteze njia. Kwa matatu, mpango unaowezekana unafahamika, na si wa ajabu. Kigali iliupeleka mbele mwaka 2013 kwa kuzigawia kampuni chache maeneo ya jiji, ili gari lisishindane na ndugu yake kwa abiria mmoja. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza Mei 2016, yana madereva wa mshahara. Shida zake za msongamano na uchakavu ni nyingi, lakini dereva hana sababu ya kukuuza njiani. Kwa sacco ya Eastlands ngazi ni hizi: nauli ya M-Pesa iingie namba ya sacco, mapato ya njia nzima yawekwe chungu kimoja, dereva na makanga walipwe mwezi, na juu yake bonasi kwa gari lisilo na malalamiko wala ajali. Bonasi ni muhimu. Bila hiyo utapata dereva anayetambaa kwenye leni ya kushoto akisubiri mwisho wa mwezi, na abiria wa Kariobangi hana muda huo.

Mwenye gari atasema anakufa njaa. Basi nakuomba wewe uliye na gari moja au mawili, kabla hujakataa: weka daftari kwa miezi mitatu. Upande mmoja andika tageti zote ulizopokea. Upande wa pili andika klachi, breki, springi, siku gari lilipolala gereji, faini, hongo za kutoa gari kituoni, na kila dereva aliyekutoroka na ulichopoteza ukimfundisha mwingine. Toa, kisha linganisha na mishahara ya watu wawili. Kanuni za 2014 zilikwisha kukutaka uilipe. Anza na gari moja.